Kamera Ndogo Haimsimamishi Mzee

Wacha nianze na hasira, kwa sababu ndiyo iliyobaki. Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa mpiga picha Kitengela, na kamera yangu ilikuwa inaingia mfuko wa sweta. Hakuna kitu kimewahi kunidhalilisha mbele ya watu kama kale kakamera.

Sikukachagua. Nilikuwa na kamera ya maana, kubwa, nyeusi, yenye lenzi ya kuzungusha kwa mkono na mkanda mpana wa kuvaa shingoni. Lakini Kitengela ya siku zile ilikuwa vumbi tupu. Malori ya Namanga yalipita kutwa nzima, upepo wa nyika ukaleta lake, na viwanda vya Athi River vikaongezea. Vumbi liliingia kwenye chai, likaingia kwenye godoro, mwishowe likaingia kwenye kamera na kioo cha ndani kikakwama. Nikaipeleka kwa fundi Nairobi. Akaifungua mbele yangu, akaguna, akasema, "Rudi wiki ijayo, madam." Nikarudi. Akasema wiki ijayo. Kila nikipanda zile ngazi zake, spea iko njiani. Ilikuwa inatoka wapi hiyo spea, mbinguni?

Basi nikashika kamera ndogo. Niliipata kwa mama mmoja tuliyekuwa tukiimba naye kwaya, ambaye naye aliachiwa na mwajiri wake wa shamba la maua alipohama. Ilikuwa ya filamu, kama kamera zote tulizozijua, ya kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni. Ukibonyeza kidude cha juu, lenzi inatoka yenyewe ikilia zzzz, na hapo ndipo watu walianza kucheka.

"Mwenye picha yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Hapana, namaanisha yule mwenye kamera."

"Kamera ndiyo hii."

Mtu anaitazama, ananitazama, kisha anaangalia nyuma yangu, labda kuna mwanaume anakuja na mashine yenyewe. Mama mmoja aliyeleta mtoto wake wa ubatizo aliniuliza kama picha itatoka ndogo vilevile. Nikamwambia karatasi ni ile ile, mama, na filamu ni ile ile. Akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu aliyeamua kunisamehe. Na kwenye harusi moja pale Embulbul, katikati ya kiapo, mzee wa kanisa alinishika bega kwa upole kabisa akaninong'oneza, "Auntie, keti kidogo, cameraman apate nafasi ya kupita." Cameraman ni nani? Ni mimi! Nililipiwa kazi ile na bwana harusi mwenyewe, na bado nikaketishwa kwenye benchi na akina mama wa kupiga vigelegele.

Na kamera yenyewe ilikuwa na ujeuri wake. Kidirisha cha kuchungulia kiko juu pembeni, lenzi iko mahali pengine, kwa hivyo unachoona sicho unachopiga. Ukimkaribia mtu unamwona mzima kabisa, na picha ikirudi kuoshwa, jamaa hana paji la uso. Tena ilikuwa ikijiamulia mambo. Ikiona kivuli kidogo tu, inataka kuwasha flashi, na kabla flashi haijajaa, huwezi kuilazimisha. Unabonyeza, kimya. Taa nyekundu inakukonyeza. Mtu ametabasamu mpaka mashavu yamechoka, anakuuliza, "Bado?" Unamwambia, "Bado kidogo." Nilikuwa natamani kuitupa Mto Athi.

Lakini hayo yote ningeyacheka leo. Nisichoweza kukicheka ni harusi ya dada yangu mdogo.

Sisi tulikuwa watoto watatu: kaka, mimi, halafu dada. Baba alitutoa Ukambani tukiwa wadogo, akafanya kazi kiwanda cha saruji mpaka akastaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache na shingo ngumu. Kaka alipomaliza shule, baba alikwenda kumwombea kazi pale pale kiwandani. Alivua kofia, akasimama mbele ya msimamizi mwenye umri wa kuwa mwanawe, akabembeleza. Kaka akaajiriwa. Hakukaa sana. Akaiacha ile kazi, akaenda Bisil kununua na kuuza mbuzi, na huko huko akaoa msichana wa Kimaasai. Baba alipata habari ya ndoa hiyo kwa watu baki, amesimama kwa kinyozi.

Toka hapo hawakusemezana. Si kwamba kaka hakuja nyumbani. Alikuja, akaleta nyama, akakaa. Lakini baba alizungumza naye kupitia kwa mama. "Mwambie kijana wako asogeze kiti." Na kijana mwenyewe yuko hapo hapo, magoti yao yanakaribia kugusana! Naye kaka, badala ya kunyenyekea, anajibu, "Mama, mwambie kiti kiko sawa." Mama katikati, anatazama huku na huku, chai inapoa. Nilikuwa nataka kuwagonganisha vichwa.

Ukutani kwetu kulikuwa na picha nyingi, nyingine nilizipiga mimi, lakini kila moja ilikosa mtu. Hii baba yuko kazini, hii kaka yuko Bisil, hii dada yuko shule ya bweni. Mama hakuwa mtu wa kuomba vitu. Maisha yangu yote sijui kama alishawahi kuniomba hata leso. Wiki ya harusi alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Nataka picha moja," alisema. "Mimi, baba yenu, na nyinyi watatu. Karatasi moja."

"Mama, wale hawaongei."

"Hata wasiongee. Wasimame tu. Nitakuwa naangalia ile picha najua siku moja walisimama pamoja. Wewe si ndiye wa picha? Nifanyie hiyo."

Nikamwambia nitafanya. Ningesema nini? Nilikwenda tena Nairobi kwa yule fundi, nikamwambia nahitaji kamera yangu kuliko siku nyingine yoyote. Akanionyesha ikiwa imefunguliwa vipande vipande kwenye sinia. Nikashuka ngazi nikitukana kimoyomoyo, kila ngazi na tusi lake.

Harusi ilikuwa Kajiado mjini, kwa akina bwana harusi. Wakwe walikuwa watu wa kujiweza kidogo, wakaleta cameraman wao kutoka Nairobi, mwenye kamera kubwa, stendi, taa na video. Sikuona vibaya, kwa sababu sikutaka kazi siku hiyo. Nilitaka picha moja. Ibada ilipoisha, yule cameraman aliondoka na maharusi na wasimamizi kwenda kupiga picha kwenye bustani ya hoteli, sisi wengine tukaenda kungojea kwenye hema. Baba aliketi mstari wa mbele, ndani ya suti ya kijivu aliyoshonewa alipostaafu, na fimbo yake. Mama pembeni yake. Kaka alikuwa nyuma kabisa, karibu na nguzo, koti mkononi, amekuja na lori la wafanyabiashara wenzake na alishasema hatakaa mpaka jioni. Mama alikuwa hageuki, lakini kila mara aliniuliza, "Bado yuko?"

Maharusi walirudi kabla ya cameraman, maana yeye alibaki nyuma akifungasha vyombo vyake. Nikaona hapo ndipo penyewe. Nikamvuta dada, gauni na yote, nikamwambia simama hapa nyuma ya mama. Nikaomba mama mmoja wa kwaya awe tayari kunipigia, nikamwonyesha kitufe, nikamwambia aache nafasi juu ya vichwa. Halafu nikamwendea kaka. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Hata hakunipinga. Alivaa koti, akalifunga vifungo, akajipangusa viatu kwa nyuma ya suruali, mguu mmoja kisha wa pili. Akatembea mpaka mbele, watu wanamtazama, akasimama nyuma ya kiti cha baba.

Jamani, alisimama! Nilikimbia nikasimama upande wa pili wa dada. Mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Baba akatazama mbele. Yule wa kwaya akabonyeza.

Kimya. Chini ya hema kulikuwa na kivuli, na ile takataka ikaamua inataka flashi.

"Haibonyezeki," akasema.

"Ngoja taa iwe kijani!" nikapiga kelele. "Tusitoke! Mtu asitoke!"

Na hapo ndipo baba alitambua tulikuwa tunapigwa picha na nini. Akainua fimbo, akaielekeza kwa yule mama wa kwaya.

"Hiyo ni nini?"

"Kamera, Baba," nikasema.

"Hiyo ni ya kuchezea. Mwenye kamera si anakuja? Siwezi kuvaa hivi nipigwe na hiyo kitu."

"Baba, mimi ndiye mpiga picha. Hiyo ndiyo kamera yangu ya kazi."

"Weka kwa mfuko." Kisha, bila kugeuza kichwa, akamwambia mama, "Mwambie huyo nyuma yangu akae. Picha bado."

Nikamsikia kaka akivuta pumzi juu ya kichwa cha baba. Safari hii hakumtuma mama. Alimgusa dada begani, akamwambia, "Mungu awabariki," akatoka nje ya hema juani. Nilimfuata mpaka barabarani nikimshika mkono. Nilimwambia ngoja, cameraman anaingia sasa hivi, ni dakika tu. Akasema, "Mimi nilisimama. Uliniona nimesimama?" Nikasema nilikuona. Akasema, "Basi," akapanda lori.

Cameraman aliingia muda si mrefu, lenzi imefura mbele ya tumbo, stendi begani. Aliita "Familia ya bibi harusi!" mara moja tu na baba yangu akainuka. Akafunga vifungo, akanyoosha tai, akasimama kama yuko gwaride. Cameraman akatuhesabu kwa kidole, akauliza, "Nilidhani kuna kijana pia?" Ile picha tunayo. Mama anaonekana anatazama pembeni, upande wa barabara.

Nilikasirika, nikakosa kula. Wali ulikuwa umepikwa vizuri, watu wanausifu, mimi nikasukuma sahani kando. Nilimkasirikia baba, nikaikasirikia kamera, nikamkasirikia na yule fundi na sinia lake. Na mpaka leo kuna jambo moja linanikera. Sijui kama baba alikataa kamera, ama alikataa kusimama na mwanawe na kamera ikampa sababu. Ningekuwa na ile kubwa, angenyimwa hiyo sababu, na ningejua. Sasa nitamuuliza nani?

Kamera kubwa ilirudi hatimaye, imepona. Nikafunga safari ya Bisil siku ya soko nikiwa nimeivaa shingoni, kwenda kumwambia kaka njoo nyumbani, sasa hakuna kisingizio. Nilimkuta katikati ya mbuzi, amekonda, ana furaha yake. Mke wake nikamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," akaitikia "Iko" huku akiyacheka matamshi yangu. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Aje aniambie mwenyewe nisimame. Kwa mdomo wake. Nitasimama hata kwa kioo cha kujinyolea."

Nilijaribu kuwapiga picha yeye na watoto wake. Nilipoinua tu ile kamera kubwa, sokoni pakachafuka. Wazee wakaanza kuuliza mimi ni wa gazeti gani, nani kaniruhusu, picha za ng'ombe wao zinapelekwa wapi. Ala! Nikairudisha kwenye begi nikatoa ile ndogo, na hapo hakuna aliyejali tena, watoto wakanisogelea mpaka wakagusa lenzi. Mwone mtu anavyoteswa: ile inayotakiwa Kitengela inafukuzwa Bisil, na inayokubaliwa Bisil inachekwa Kitengela.

Ile picha nilimpelekea baba. Nilidhani akiona wajukuu, moyo utalainika. Alivaa miwani, akaishika karibu na dirisha, akaitazama kwa muda. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Nilimwona baba akipitisha kidole gumba juu ya nyuso za wale watoto, mmoja mmoja.

"Huyu mrefu," akasema, "umemkata kichwa."

Akanirudishia. Ngai! Nilitoka nje nikazunguka ile nyumba nikiongea peke yangu. Walikuwa wajukuu zake, damu yake, na yeye anasahihisha picha.

Miaka ikaenda hivyo. Nilimaliza kumsihi mmoja, nikamsihi mwingine. Mama hakuniuliza tena habari ya ile picha, na hilo liliniuma kuliko kama angeuliza. Kitengela ikakua, maduka ya ghorofa yakaota, studio zikawa nyingi, vijana wakaanza kuja na kamera zisizo na filamu. Baba akaanza kukohoa. Wakasema ni kifua, wakasema ni ile saruji ya miaka yote, wakasema ni uzee. Nilimpigia kaka simu kwa kibanda, nikamwambia njoo. Akasema atakuja mwisho wa mwezi, akishauza. Baba hakufika mwisho wa mwezi.

Tulimzika kwenye ploti yetu, upande wa ua wa michongoma. Nilikataa kupiga picha. Watu walinishangaa, ati mwenye kazi ni wewe, lakini nikasema siwezi, mkitaka tafuteni mtu. Kwetu mazishi hayaishi bila picha. Kabla kifuniko hakijafungwa, jeneza huwekwa kwenye viti, na watu husimama nyuma yake kwa makundi: watoto, wajukuu, kanisa, akina mama wa chama, wenzake wa kazini. Anayeongoza sherehe huita, kundi linakuja, linapigwa, linaondoka, na hakuna anayeona ajabu. Wakaleta jamaa mmoja wa studio ya mjini mwenye kamera kubwa kuliko hata ile yangu.

Kaka alifika asubuhi hiyo na mke wake na watoto, wamevaa vizuri sana. Hakulia. Alichukua jembe kwa vijana akachimba kwa muda, koti liko juu ya ua, kisha akanawa mikono, akalivaa tena. Nilimtazama nikiwa na hasira sijawahi kuwa nayo. Nilitaka kumwambia ungekuja. Nilitaka kumgeukia baba pale ndani ya suti yake ya kijivu nimwambie na wewe ungeita. Wote wawili walinichosha, jamani, na mmoja sasa nimemkosa.

"Watoto wa marehemu," wakaita.

Tukaenda. Dada akashika mkono wa mama, wakasimama katikati. Mimi nikasimama miguuni. Kaka akapita nyuma yetu sote akaenda upande wa kichwa. Akaweka kiganja juu ya ukingo wa jeneza, karibu na bega la baba, hakuambiwa na mtu. Mpiga picha akasema tusogeleane, tukasogeleana. Akasema kidogo tena, tukasogea tena. Hakuna aliyebisha. Akainua kamera.

"Ngoja," mama akasema.

Mama akatutazama, akaanza na kaka, akaja kwa dada, akamalizia na mimi. Kisha akainama, akamwekea baba tai yake sawa.

"Mzee anaonekana?" akamuuliza mpiga picha.

"Anaonekana, mama."

"Na watoto?"

"Wote watatu, mama."

"Haya," akasema. "Piga."